Nililala gesti Mwanza wakati ukweni wana vyumba, mchumba wangu akanikana kwenye simu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana ninayekwenda kumsema anausoma ukurasa huu kila siku huku akiwaambia watu ni mambo ya wanawake wasio na kazi.

Nina miaka 29, kwetu Singida, nafanya kazi Dodoma. Nimechumbiwa na kijana wa Kisukuma, kwao Ilemela, Mwanza, ila naye anaishi Dodoma. Utambulisho ulifanyika, mahari ilipokelewa, ng'ombe wa watu wako zizini kwa baba. Imebaki harusi.

Mimi napenda kutembea. Nikipata likizo nabeba begi mgongoni naenda mji nisioujua, peke yangu, nazunguka kwa miguu na kula ninachokikuta. Safari hii nilitaka Mwanza. Najua kwa wakwe zangu mgeni mwenye ndugu mjini hapangi chumba cha kulipia, ni sawa na kuwatangazia majirani kwamba umenyimwa pa kulala. Kwa hiyo nilimuuliza mchumba mwenyewe, mwanaume mzima mwenye ndevu. Akacheka. Akasema mama yake akijua nimefika nitashinda jikoni likizo yote, bora nilale gesti nizunguke, nyumbani tutakwenda wote siku nyingine. Akanisindikiza hadi stendi na begi akanibebea.

Nilifurahi jamani. Nilipanda mawe nikakaa juu kulitazama ziwa, nikavuka na kivuko kwenda Kamanga na kurudi bila sababu yoyote, nikapanda meli hadi Nansio kula samaki. Kila mtu aliniuliza niko na nani, na nikisema niko peke yangu wananionea huruma ambayo sikuiomba. Hao niliwasamehe, hawanijui.

Niliporudi kutoka Nansio, pale bandarini nikakutana uso kwa uso na shangazi wa mchumba wangu, aliyekuja kwetu kwenye utambulisho. Nikampa shikamoo. Kabla hata ya marahaba akaniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia ukweli. Akanichukua mimi na begi langu mpaka Ilemela.

Mama mkwe hakufoka. Alinipa ugali na sato, akasubiri nimalize kunawa, ndipo akasema, "Sisi tuna vyumba, tuna vitanda. Wewe unaenda kulala gesti kama mtu asiye na kwao. Majirani niwaambie nini?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba mwanawe anajua kila kitu, apigiwe. Akapigiwa, simu ikawekwa spika. Nilikaa nimetulia kabisa, nikijua yataisha sasa hivi. Bwana yule akakohoa kidogo, akasema, "Mama, mimi sijui lolote. Aliniambia anaenda kwao Singida."

Shangazi akanigeukia akauliza chumba kililipiwa na mwanaume gani. Mama mkwe alisema tu kwamba mwanawe hajawahi kumdanganya, akatazama pembeni. Yule mama nilimuonea huruma. Mwanawe nilimdharau palepale, na dharau hiyo haijanitoka mpaka leo.

Baadaye shujaa wetu akanipigia, ananong'ona kama mwizi wa kuku. Nikadhani anaomba radhi. Kumbe ananifundisha kazi: "Omba msamaha yaishe. Kosa likiwa lako utasamehewa, wewe ni mwanamke. Likiwa langu, mama hataniheshimu tena." Eti heshima! Mtu anayemuogopa mama yake kuliko anavyomuogopa Mungu, halafu ndiye nitakayemuita kichwa cha nyumba.

Sasa ukweni wanataka nirudi na shangazi yangu, nipige magoti, nikiri nilidanganya. Baba ameshakubali. Anasema hawezi kurudisha ng'ombe kwa sababu ya kitanda cha gesti. Mama yangu analia tu. Ushahidi sina, maneno yake alinipa kwa mdomo.

Ndugu zangu mnaosoma, wenye ndoa na mlioachana nazo, nishaurini nifanye nini. Msiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Nikikataa, namwaibisha baba. Nikikubali, nitaingia nyumba ile nikiwa mwanamke aliyelala gesti na mtu asiyejulikana, na mtu pekee anayejua ukweli atakuwa amelala pembeni yangu, amenyamaza.