Swichi ya Chini ya Kiti

Bi Mwanahalima Mbonde ana kilo arobaini na tatu. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyempima, kwenye mizani ya stoo tunayopimia misumari, na alipanda na viatu vyake. Naitwa Gasper, mtunza stoo wa chuo cha ufundi nje kidogo ya Kibiti, na habari hii inanihusu kuliko ningependa.

Kwa miaka kumi na moja mama huyu alikata majani ya chuo kwa fyekeo. Kwao ni Salale, kule kwenye mikoko, na ujanani alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilibaki huko. Chuo kilipopata mashine ya kukatia majani, ile kubwa ya kukalia na kuendesha kama trekta, alipewa Mudrick, kijana wa miraba minne. Mwaka huu Mudrick akahamia Dar, na Bi Mwanahalima akaingia ofisini kuiomba kazi hiyo. Mkuu wa chuo, Mama Elinipendo, hakumcheka. Alimwambia mahafali ni Ijumaa: akimaliza uwanja wote kabla ya Alhamisi jioni, mashine ni yake, akishindwa, anarudi kwenye fyekeo. Bi Mwanahalima ana miaka hamsini na nne, na mgongo wake unajua maana ya kurudi kwenye fyekeo.

Jumatatu mashine ilimgomea. Ilikuwa inawaka vizuri, inaunguruma, kisha ikikanyaga tuta dogo tu inazima. Fundi Saadi, ambaye hutengeneza kila chenye injini pale chuoni na ambaye mdomo wake nao hauishiwi mafuta, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akatuonyesha swichi iliyo chini ya kiti. Dereva akinyanyuka wakati visu vinazunguka, injini inajizima. Bi Mwanahalima alikuwa mwepesi mno. Akirushwa kidogo, mashine inadhani ameshuka.

Nikatumia akili yangu ya stoo, nikampa mfuko wa mchele wa kilo kumi aupakate. Alizunguka nao mara moja, akanirudishia.

"Huu mchele wa kula, Gasper mwanangu. Mie wa kupakata ninao, wajukuu."

"Bi mkubwa, hiyo swichi naikata, naunganisha nyaya, dakika mbili tu," Saadi akasema. "Nimeshazifunga mashine chungu nzima hivyo, Ikwiriri mpaka Utete. Gasper, lete waya."

Nilileta waya, tena mbio. Bi Mwanahalima akaweka mkono wa kushoto juu ya kiti, vidole vyake vitatu vikiwa wazi.

"Mkanda wa ile mashine ya Salale ulikuwa na kava lake," alisema. "Mwenyewe akalitoa, ati lachelewesha kazi. Na kweli lilikuwa lachelewesha. Siku hiyo mkono wangu ulifika upesi kabisa."

Saadi akakusanya spana zake. Mimi nikautia waya mfukoni.

Jumanne hakukata hata jani moja, nami nilikasirika kwa niaba yake. Alinikalisha na kitabu cha mashine, nimsomee. Tulifika ukurasa wa kiti, tukakuta kumbe kuna kirungu cha kuzungusha, kinachokaza na kulegeza springi kulingana na uzito wa dereva. Mudrick alikuwa amekikaza mpaka mwisho. Kabla ya kuingiza mkono chini ya kiti, Bi Mwanahalima alichomoa ufunguo, kisha akachomoa na waya wa plagi. Nikamwambia ni kirungu tu. Akaniambia ajuaye ni mwenye vidole vyake.

Alikilegeza, akakaa, kiti kikashuka kidogo. Akaendesha juu ya lile tuta na mashine haikuzima. Halafu akafanya jambo lililonishangaza: akasimamisha mashine mahali tambarare, akaachia visu vizunguke, akanyanyuka kidogo kwa makusudi. Injini ikazima papo hapo.

"Sasa imepona," akasema.

Bado hakukata. Alipima upepo wa magurudumu, akatumia rula kupima kisu kilivyo mbali na ardhi kulia na kushoto, akakuta upande mmoja umelala kwa kidole kizima, akausawazisha. Jumatano ndipo akaanza kazi, na kila asubuhi alirudia ukaguzi wote huo kwa nusu saa nzima, huku Mama Elinipendo akitazama saa yake barazani.

Alhamisi adhuhuri kilibaki kipande cha chini ya mikorosho. Bi Mwanahalima akazima, akaondoka na ufunguo, akaenda kuswali. Saadi akaja stoo.

"Nipe ufunguo wa akiba nimmalizie mama wa watu."

Nikampa. Nilitaka kazi iishe, na, niseme kweli, nilitaka ionekane kwamba ile nusu saa haikuwa na lazima.

Nilikuwa napita mbele ya mashine na viti vya mahafali, vinne vimepandana mpaka puani, Saadi alipoingia chini ya tawi lililoinama. Kichwa chake kikapasua kiota cha majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Waliingia kwenye ukosi wote kwa pamoja. Saadi aliruka chini akivua shati, na mashine ikabaki inanitazama mimi, visu vinazunguka.

Nilidondosha viti, nikabaki pale pale. Kisha ule muungurumo ukakatika. Mashine ikajiburuta kidogo, gurudumu likagusa mguu wa kiti, ikatulia. Kilichosikika ni Saadi anavyojipiga makofi. Niliogopa sana, nikakaa kwenye kiti hicho hicho.

Mama Elinipendo alishuka barazani haraka. "Nani ameizima?"

"Imejizima," nikasema. "Jumatatu tulitaka kuikata swichi, Bi Mwanahalima akakataa." Nikautoa waya mfukoni, nikamwonyesha. Nikamwambia na habari ya ufunguo.

Bi Mwanahalima alirudi, akatutazama mmoja mmoja. Kwanza alimpangusa Saadi majimoto mgongoni kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono wa vidole vitatu, akapewa ufunguo, akaanza ukaguzi upya tangu mwanzo. Mama Elinipendo alisubiri nusu saa yote amesimama, na safari hii hakutazama saa. Kipande kiliisha kabla ya alasiri.

Barua yake ya kazi ilitoka wiki iliyofuata, na funguo zote mbili anazo yeye. Kila asubuhi tunaisikia mashine inawaka, inaunguruma, halafu inazima. Ikishazima ndipo Saadi anamimina chai, nami pia.

Juzi iliunguruma ikapitiliza muda wake wa kuzima. Tulitoka mbio, mimi huku, Saadi kule, chai imemwagika. Tukamkuta amekaa juu yake, anasubiri kuku wa jirani wapite kwanza.

"Tulieni, wanangu," akasema, akanyanyuka. Mashine ikazima, tukarudi kwenye chai.