Namba niliyoitangaza kwenye group la ukoo kuwa ya tapeli

Wakuu, salamu kwenu.

Leo sina la kuchekesha. Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, mwaka huu huu, na sijaongeza chumvi. Kingekuwa cha kutunga ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Kazi yangu ni sera za usalama wa mtandao na mawasiliano ya simu. Kwa kifupi, nakaa kwenye kumbi za nje na wajumbe wa nchi nyingine, tunabishana namna ya kumlinda mwananchi dhidi ya matapeli. Neno moja linaweza kutumalizia asubuhi nzima. Kazi ina heshima yake, na mimi ile heshima niliipenda kupita kiasi.

Nyumbani ni Machame. Kwenye group la ukoo la WhatsApp mimi ndiye mtaalamu. Nikisema namba fulani ni ya tapeli, watu wanaiblock hata kabla hawajamaliza kusoma. Shangazi zangu wananinukuu mpaka kanisani. Nilikuwa najisikia, nisiwadanganye.

Desemba nilipopanda nyumbani nilimwekea baba PIN kwenye simu. Alilalamika kwamba sasa hata kupiga simu yake mwenyewe anaomba kibali. Nikamwambia mzee, ni kwa usalama wako.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa kikaoni, nje ya nchi. Simu ikaita, namba ngeni ya Tanzania. Nikatoka kwenye korido. Mama mmoja, lafudhi ya kwetu kabisa:

"Mwanangu, niko huku Sanya Juu. Baba yako ameanguka sokoni, tumemleta hospitali. Anataka kuongea na wewe."

Wakuu, mchezo huo ndio ninaoufundisha. Mzazi kaanguka, haraka haraka, halafu tuma pesa. Nikamuuliza mbona hapigi kwa simu ya baba. Akasema imefungwa, namba yangu kaitaja mzee kwa mdomo wake. Nyuma yake nikasikia mtu anaguna. Nikajisemea, hawa wamejipanga, wana mpaka wa kuigiza mgonjwa.

Sikumpa hata shikamoo. Nilimwambia, "Mama, tafuta kazi ya halali. Na huyo mwenzako anayejifanya mgonjwa mwambie hajui kuigiza." Nikakata, nikablock.

Mwongozo tuliouandika sisi wenyewe unasema: ukitilia shaka, piga namba unayoijua, uthibitishe. Sikupiga. Nilikuwa na haraka ya kurudi ndani nikachangie hoja. Mganga hajigangi.

Ila muda wa kupiga screenshot nilipata. Nikaitupa kwenye group: "Tapeli mpya, block na report." Shangazi wakajaza amina.

Yule mama hakukata tamaa. Alirudi sokoni, akapata mtu anayemfahamu baba mdogo, akapewa namba yake. Baba mdogo alikuwa ameshamblock. Ikabidi yule mama amtume bodaboda apande mpaka Machame kugonga mlango. Ndugu walipofika, mzee alikuwa ameshapoteza maneno.

Kiharusi.

Baba yu hai. Ananitambua, ananishika mkono, lakini akiongea hatuelewi kitu. Maneno ya mwisho aliyotamka yakaeleweka ni namba yangu ya simu.

Niliporudi, baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Unalinda nchi za watu, sisi umetufungia mlango." Ile post nilishaifuta. Shangazi mmoja akauliza kwenye group kama sasa aiunblock ile namba. Niliona aibu mpaka nikazima data.

Kwetu ukimkosea mtu pakubwa unampelekea isale, lile jani tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Akilipokea, amekusamehe. Nikalichuma, nikateremka nalo mpaka Sanya Juu. Yule mama nilimkuta sokoni anapanga vitunguu. Anaitwa Mama Eli.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye yule mtoto wa mzee."

"Marahaba." Aliliangalia jani, akafuta mikono kwenye kitenge, akalipokea. "Mimi sina kinyongo, mwanangu. Matapeli wapo kweli."

Nikashukuru. Nikadhani yameisha.

"Ila siku ile nilikuwa nimeweka loudspeaker," akasema. "Nilitaka mzee akusikie."

Wakuu, nililia pale sokoni, mtu mzima na shati la kunyoosha.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia bei kubwa: kumwita mtu tapeli ni hukumu, na mimi niliitoa kwa kusikia sentensi mbili tatu tu. Kazini bado wananisikiliza. Mimi ndiye nisiyejiamini tena.

Yule mama amenisamehe. Baba sijui. Kila jioni nakaa kando ya kitanda chake na kila jioni naongelea ng'ombe na mvua.

Wenye wazee waliopata kiharusi, naomba mniambie: mliombaje msamaha kwa mtu anayekusikia vizuri ila hawezi kukujibu?