Usukani wa Nyuma

Gari la spoti lilikuwa la kaka yangu mkubwa, na lilikuwa na usukani wa nyuma: ukikata kona, magurudumu ya nyuma nayo yanageuka kidogo. Lilipozeeka yakawa yanageuka yanavyotaka.

"Linatikisa mkia kama mbwa," alisema. "Naliuza vipuri."

"Niachie nilitengeneze."

"Umesomea wapi, wewe?"

"Kwenye simu."

"Sha, kwenye simu watu wanajifunza kusuka nywele." Alicheka mpaka nikatamani kumrushia spana. "Haya. Siku ya umuganda, kazi za mtaa zikiisha na barabara zikifunguliwa, nitaliendesha. Likinivuta hata kidogo, linauzwa."

Sikuwahi kukitaka kitu kama nilivyolitaka gari lile libaki zima.

Nililala chini yake uani kwetu, Batsinda. Nilitoa mtambo wa kugeuza magurudumu ya nyuma, nikaweka chuma kisichocheza. Pampu ya usukani ilikuwa inasukuma oili mbele na nyuma. Mpira wa oili wa nyuma nikaurudisha kwenye tangi lake, oili izunguke bure. Mbele nikapunguza msaada wa pampu, usukani uwe mzito kidogo, mikono ihisi barabara. Magurudumu niliyanyoosha kwa kamba, nati za nyuma nikazitia alama kwa rangi ya kucha. Kisha nikazikagua tena na tena. Nisipogusa kitu mara ya pili silali, ndivyo nilivyo.

Nikalijaribu mbele ya nyumba. Likavuta kushoto. Nikazungusha nati za nyuma kidogo kidogo mpaka likaenda limenyooka kama rula.

Siku ya umuganda tulipomaliza kufyeka mtaro, kaka akashika usukani bila hata kunawa. Aliliendesha hadi Kacyiru. Kwenye barabara pana, tambarare, akaachia mikono.

Gari likaenda kulia.

"Fundi wa simu!" Alikuwa ameshaegesha, anampigia mnunuzi wa vipuri. "Njoo ulichukue leo."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye. Barabara ya mtaa wetu imelalia kushoto ili maji ya mvua yaingie mtaroni. Nilikuwa nimelifundisha gari kupambana na mteremko ulio mbele ya nyumba yetu tu.

"Nipe jeki."

"Ya nini? Limeshauzwa."

Nikaichukua mwenyewe. Nikajilaza kando ya lami na nguo zangu za umuganda, watu wakipita na majembe mabegani. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, akapunguza mwendo: "Dada, umeanguka au unasali?" Nilirudisha kila nati kwenye alama yake ya rangi ya kucha.

"Endesha," nikamwambia kaka.

Akaendesha. Akaachia mikono. Gari lilishika mstari wake, likaendelea kuushika, mpaka yeye ndiye aliyeogopa na kuushika usukani.

"Usukani mzito," alisema.

"Ndivyo unavyotakiwa."

"Nani aliutaka?"

Akampigia mnunuzi. "Usije. Gari liko sawa."

Tulipofika nyumbani nilinyoosha mkono nipewe ufunguo, nami niliendeshe. Akautazama mkono wangu, wenye oili mpaka kiwikoni.

"Ufunguo wa nini? Gari ni langu."

Sasa analiendesha kila siku kwenda kazini. Likitoka getini nasimama dirishani kusikiliza pampu, nikiomba ilie hata mara moja, ili aniite tena. Haijawahi kulia.