Eti Gari Langu Lina Pampu Mbili za Mafuta

Samahanini nimekawia kuwaandikia, nilikuwa nanyonyesha nikapitiwa na usingizi. Ila leo nusura nigombane na fundi!

Ni kale kagari ka zamani alikoniachia baba, ninakopelekea chakula kwa maseremala wa Keko. Kasipowaka, mie sina biashara.

Juzi fundi kabadilisha pampu ya mafuta ndani ya tenki. Leo kamezima tena.

"Mama Nasri, sasa imekufa ile nyingine."

"Nyingine ipi, kaka? Unataka kunilia hela mara mbili?"

"Haya ya zamani yana mbili. Ya tenki inavuta mafuta tu, haina nguvu. Ya chini ya gari ndiyo inayasukuma kwa presha mpaka kwenye nozeli zinazoyanyunyizia injini. Magari mapya moja inafanya yote."

Maneno matamu hayo. Nyie mngemwamini?

Mie nikamwambia, "Inua siti ya nyuma tulifikie tenki, niishike pampu mwenyewe."

Akafungua swichi. Ya tenki ikanitetemea mkononi, nzima kabisa. Nikatandika khanga, nikaingia chini ya gari.

Jamani, ipo! Nikaishika. Imekaa kimya kama jiwe.

Fundi anacheka. "Umeridhika?"

"Nimeridhika kwamba zipo mbili. Kwenda kununua, sikutumi. Na hiyo mbovu ifungue unipe, naondoka nayo."

Ninayo hapa mezani, nimewawekea picha. Mwenye gari kama hili lililolala uani, naomba anitumie: pampu ya chini inayofanya kazi, mpira wake wa mafuta, na klipu mbili za kuufungia.