Meza Tulizobuki Kabla ya Njaa

Dada yangu alipiga simu asubuhi moja ya mwezi wa Rajabu, mimi niko uani napara samaki, akasema safari imeshapangwa. Yeye ameolewa Maskati miaka mingi sasa, ni nesi, na watoto wake wawili tunawajua zaidi kwa picha. Mara hii, alisema, haji Pemba. Mimi na mama ndio tutakaomfuata. Tutakutana Dubai baada ya Idi, watoto wakiwa likizo, tukae katika hoteli iliyo ndani ya bustani ya michezo, mji mzima wa mapembea uliojengwa chini ya paa moja.

"Tiketi juu yangu, hoteli juu yangu," alisema. "Weye kazi yako moja tu. Ubuki mikahawa."

"Kwani huko chakula hakuna?"

"Chakula kipo, meza ndiyo hamna. Jirani yangu alikwenda na watoto bila ya kubuki. Kila mlango anaulizwa, una miadi? Watoto mpaka wakalia kwa njaa. Mie nafanya kazi usiku, mchana nalala. Weye una nafasi. Kaa na simu yako, tazama."

Weye una nafasi. Maneno hayo nimeambiwa tangu nilipoachika na kurudi kijijini kwetu Konde, nikamkuta mama yuko peke yake nyumbani. Ukoo mzima uliona Mungu kapanga vizuri: mama anahitaji mtu, na mimi nahitaji paa. Basi kila jambo lililotaka mtu wa kukaa na kungoja likawa langu. Foleni ya hospitali, fundi wa umeme anayesema yuko njiani, mgeni anayeshuka bandarini Wete. Sikuwa na mume wala mtoto wa kumtaja kama udhuru. Nikasema haya, nitabuki.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Nyumbani mtandao hushika barazani tu, upande wa mlangoni, kwa hiyo nilikaa hapo kila jioni na simu, watu wakipita na kunisalimu na mimi nikiitika bila ya kuinua uso. Kila mkahawa ulitaka kadi ya benki, na kadi ni ya dada. Nikishaandika kila kitu, benki inampelekea yeye namba ya siri kwenye simu yake, naye awahi kunitumia kabla haijakufa. Mara kalala. Mara yuko kazini. Mara namba imefika, umeme wa Konde umekatika na mnara umekwenda nao. Nilianza upya hata vidole vikajua njia vyenyewe.

Na sheria zao zilikuwa ngumu. Meza ni ya watu watano, ikitimia saa na dakika kadhaa hamjafika, imekwenda. Ukitaka kuvunja miadi, uvunje siku moja kabla, la sivyo kadi inakatwa pesa. Nyakati za jioni zilikuwa zimeshachukuliwa, sijui na watu gani wanaojua watakula nini baada ya miezi mitatu. Zilizobaki ni za mchana. Nikachagua saa saba kila siku, nikahesabu kwamba tutakuwa tumeshasali adhuhuri na mama hatasumbuka.

Nilitaka kumshirikisha. Jioni moja alipokuja kukaa karibu yangu na tasbihi yake, nilimsomea vyakula vya mkahawa mmoja wenye ukuta wa kioo na samaki wanaogelea nyuma yake.

"Siku ya pili, mama, saa saba mchana. Utapenda wali wa kuku au samaki wa kuchoma?"

Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mgonjwa wa homa.

"Siku hiyo iko wapi?"

"Baada ya Idi."

"Basi ntajuaje mie sasa hivi kama saa saba ya siku hiyo ntakuwa na njaa?"

Nilicheka. Nikamwandikia wali wa kuku kila mahali.

Ramadhani ikaja, ikapita. Mara baada ya Idi mama alishikwa na kifua, akalala wiki nzima, kisha nyingine. Nilimwambia dada tuahirishe. Akasema miadi haiahirishiki, na likizo yake kaiomba tangu mwaka uliopita. Mama mwenyewe alisema hajambo. Tukapanda boti mpaka Unguja, na kutoka Unguja ndege, mama kajifunika kanga mbili juu ya buibui, mkoba wake kaukumbatia kifuani safari nzima.

Dada alitupokea uwanjani. Alimkumbatia mama muda mrefu, akalia, na watoto wakampa mkono bibi yao kwa adabu kama wanavyompa mgeni. Alikuwa amenenepa kidogo na macho yake yamechoka. Jambo la pili aliloniambia, baada ya salamu, lilikuwa: "Meza zote zimekubali?"

"Zote," nilisema.

Asubuhi tuliingia ndani ya ule mji. Ulikuwa mkubwa na unang'ara, muziki hauzimwi, na baridi ya mashine inakata mifupa. Watoto walitaka kila kitu. Mama alitembea polepole, akiomba kukaa kwenye kila benchi. Kitu kimoja tu kilimpendeza, gari moshi dogo linalozunguka bustani nzima kwa mwendo wa kobe. Alilipanda na wajukuu wake mara mbili, na mara ya pili yule mdogo akamlalia begani. Walipokuwa wanapanga mstari waende mara ya tatu, simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeitega ituite nusu saa kabla ya kila meza.

"Twendeni," nikasema. "Mkahawa uko upande wa pili."

"Mara moja tu, khaloo," yule mdogo akaniomba, kwa jina wanalomwita dada wa mama.

Nilimtazama dada. Akatikisa kichwa. "Meza itakwenda."

Tukawatoa kwenye mstari, mtoto analia.

Mkahawani tulikaribishwa kwa jina la dada. Vitambaa vyeupe, bilauri za miguu mirefu, na chakula kikaja vile vile nilivyokiandika barazani Konde. Wali wa kuku uliwekwa mbele ya mama. Alivuta kiti nyuma kidogo, akakunja mikono mapajani.

"Kula mama, utapoa," dada akasema.

"Nyie kuleni. Mie nimefunga."

Dada aliweka uma chini. "Umefunga nini?"

"Sita zangu. Shawwali yaisha hino, na mie nilikuwa mgonjwa. Ukitoa ya leo zimebaki tatu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alfajiri nilisikia birika la maji ya moto likinguruma. Mama hufunga siku hizo sita za sunna za Shawwali, mwezi unaofuata Ramadhani, kila mwaka tangu kabla hajaolewa. Mimi niliyekaa naye nyumba moja nilikuwa nalijua hilo, na wakati wa kubuki halikunipitia akilini. Tulikuwa Rajabu. Shawwali ilikuwa mbali.

"Mama, uko safarini!" Dada alishusha sauti kwa sababu ya watu. "Msafiri ana ruhusa hata kwenye faradhi, sembuse sunna. Na wewe umetoka kuumwa."

"Ruhusa naijua, mwanangu. Sikuitaka."

"Na chakula hiki?"

"Sikukiagiza mie."

Dada alinigeukia. Mama naye alinitazama. Watoto walitutazama wote. Nilikuwa katikati, mgongo wangu ukutani, meza imenibana tumbo. Nikakata kipande cha kuku nikakitia mdomoni. Mama aliivuta sahani yake, akaanza kumtolea mifupa yule mdogo, taratibu, mvuke ukimpiga usoni. Tulikula hivyo mpaka mwisho. Kuondoka mapema hakukuwa na faida, kadi ilikuwa imeshakatwa.

Siku ya pili ilikuwa ile ya ukuta wa samaki. Dada alikuwa amenuna usiku mzima. Aliniamuru nizihamishe meza za mchana ziwe za magharibi. Nilikaa na simu kwenye ukingo wa kitanda nikajaribu mkahawa mmoja mmoja, na kila mmoja ulinijibu kwa maandishi mekundu kwamba umejaa. Saa saba ikatukuta kwenye kioo. Mama alikaa mwisho wa meza na kuwatazama samaki, akaniambia kwa sauti ndogo, "Yule taa. Yule chewa. Wamefungiwa na wao." Dada alisikia. Shingo yake ilibadilika rangi.

Jioni alitaka kurekebisha mambo. "Leo mama atafuturu mezani, kama mtu," alisema. "Tutapata tu mahali." Tukatoka kabla ya magharibi. Watu walikuwa wamejaa wanangoja maandamano ya taa, na kila mlango wa mkahawa ulikuwa na kamba nyekundu na msichana anayetabasamu. Kila mmoja aliuliza swali lile lile. Tuna miadi? Hatuna. Basi tunasikitika. Mlango wa pili, wa tatu. Mama alikuwa nyuma yetu, pumzi zake nazisikia. Dada alimwambia mmoja wa wale wasichana kwamba huyu ni mama yangu, ni mzee, amefunga, tupeni kiti kimoja tu. Msichana aliomba radhi kwa moyo, niliona, lakini viti vyote vilikuwa na wenyewe.

Hapo adhana ikalia kwenye simu ya mama.

Alisimama palepale kando ya kamba, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya tende alizotoka nazo Konde na chupa ya maji. Akapiga bismillahi. Akala tende moja, akanywa, akafumba macho kidogo. Kisha akatugawia na sisi, kila mtu tende yake, hata yule msichana wa mlangoni, ambaye aliipokea kwa mikono miwili.

Dada alianza kulia. "Nimekuleta mpaka huku, mama, halafu ufuturu mlangoni mwa watu kama mwombaji."

"Nani kakwambia naomba?" Mama alikuwa anatafuna tende ya pili. "Mie nafuturu. Nkishiba nitasali, nitalala. Nyie ndio mwahangaika."

Kesho yake mama alisema haendi popote. Atakaa chumbani na wajukuu wake, watazame katuni, na futari ataletewa huko huko. Watoto walishangilia. Nilisema nitabaki naye, kama ninavyobaki siku zote, na nusu yangu ilifurahi kupata pa kujificha. Mama akakataa. "Nenda na dada yako. Kuna meza yenu."

Tulikwenda wawili kwenye meza ya watano. Wahudumu waliondoa sahani tatu. Dada alikula nusu ya sahani yake, akaisukuma mbele.

"Unaniona mie mjinga," dada alisema mwisho.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini nakuona. Unajua mie naishi vipi? Usiku nauguza, mchana nalala, watoto nawaona jioni kwa saa mbili hivi. Likizo napewa mara moja. Nisipoipanga mapema kila kitu, inapita. Nilitaka siku nne zisizo na pengo. Nilitaka mama akae akihudumiwa, na mie niwe niko mbele yake namwona."

"Hukumwuliza kama anataka kuhudumiwa."

"Nilikwachia weye. Weye uko naye."

"Na mimi hukuniuliza," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mtu wa meza ya jirani akageuka. "Uliniambia nina nafasi. Nyote mwasema nina nafasi. Nafasi yenyewe ni ya mama, na ya kwako, na ya kila mwenye kushuka bandarini. Nilikaa barazani jioni zote zile nikiwachagulia watu chakula, na hakuna aliyeniuliza mimi nataka kula nini. Wala kama nataka kuja."

Dada alinitazama. "Hukutaka kuja?"

"Sijui. Nilishabuki kabla sijajiuliza."

Alicheka, nikacheka na mimi, ingawa haikuwa jambo la kuchekesha. Akaniambia kwamba Maskati kuna siku anaegesha gari chini ya nyumba yake na kukaa ndani yake robo saa, kwa kuwa hapo tu ndipo hakuna anayemwita. Sikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimemwonea wivu miaka yote hiyo, mtu aliyetoka. Nilitaka kumwambia zaidi, na nadhani na yeye alitaka, lakini mhudumu alikuja na tabasamu akatuonyesha saa: wenye meza wamefika. Tukainuka.

Mama alimaliza ya sita yake siku ya kurudi, na alifuturu ndani ya ndege kwa chakula cha kwenye kijisahani cha plastiki, akakisifu sana. Tulipofika Konde alilala siku mbili, kifua kikamrudia, kikaondoka.

Dada hupiga simu mara nyingi zaidi siku hizi, akimaliza zamu, kabla hajashuka garini. Juzi alisema mwakani tukijaaliwa twende pengine, popote, na akaniuliza, kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki, "Weye wataka kwenda wapi?"

Mama alikuwa ananiita kutoka ndani nimletee maji ya kutawadhia. Nilisimama barazani na simu sikioni nikijaribu kufikiri mahali. Sikupata hata mahali pamoja. Nikamwambia anipe muda, akasema haya, nitakupigia, na mimi nikaingia ndani na ndoo.