Ndama wa Daktari Dafroza

Mwaka 1984, hata kipande cha sabuni kilipopangiwa foleni, Nyamhanga alikuwa mhudumu wa ng'ombe katika kituo kidogo cha utafiti nje ya Butiama. Alimpenda Daktari Dafroza kama binti yake, ila utafiti wake aliudharau waziwazi.

Daktari alitaka kujua chembe nyeupe za damu huelekea wapi ndama aliyechanjwa anapopambana na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Alizitoa kwa ndama jike mmoja, akazitia madini ya kromi yenye mionzi kidogo, akazirudisha, kisha akazifuatilia kwa kifaa kilicholia kila kilipozikaribia.

"Ni kama mnavyowapiga ng'ombe chapa, Mzee, wakichanganyika na wa wengine muwatambue," alimweleza. "Ila hii hupungua nusu kila siku ishirini na nane, mpaka iishe."

"Mwanangu, chapa inayofutikaga yenyewe inamsaidia mwizi tu," Nyamhanga alinung'unika. Hata hivyo, ni yeye aliyemshika ndama yule kila asubuhi, akimbembeleza atulie.

Fedha za utafiti zilikauka. Mionzi ilipoisha na kifaa kunyamaza kabisa, kituo kilifungwa. Daktari alimwachia Nyamhanga yule ndama, akahamia Morogoro.

Alirudi kumsalimu baada ya miaka minane. Kabla hata ya chai, Nyamhanga alimpeleka zizini. Ndama yule sasa alikuwa ng'ombe mzima mwenye watoto watano, na kila mmoja wao alikuwa na herufi D pajani.

"Yako iliisha," mzee alisema. "Hii haifutikagi."