Rispa na Mtihani wa Tala

Rispa alipanda baiskeli kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na tano, na majirani wa Komarock watakwambia alianguka mara nne siku hiyohiyo, mchana kweupe, watu wakiwa wamesimama kwenye mageti. Yeye ni karani wa kaunti pale soko la Muthurwa. Kazi yake ni ya kuketi, na mwili wake ulikuwa umeshakubaliana na kiti. Mtu wa namna hiyo huenda Kisumu kwa basi, tena hulala njia nzima.

Lakini alikuwa amekwishasema atakwenda kwa baiskeli, na ulimi hauna mfupa. Alimwambia Awuor, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na saba na ugonjwa wa siko seli, ule wa damu unaomfanya mtoto alie kwa maumivu ya mifupa kana kwamba inapondwa. Awuor alitakiwa ameze dawa kila siku na anywe maji, maji mengi, kutwa nzima. Tangu Krismasi alikuwa amegoma. Vidonge alivisukuma chini ya godoro, chupa ya shule ilirudi kama ilivyokwenda, na Januari peke yake alilazwa mara mbili. Rispa alibembeleza, akafoka, akalia. Siku moja msichana akamjibu bila kuinua macho, "Mathe, we hujui kukaa na mwili unaokusumbua. Kuongea ni rahisi."

Maneno hayo yalimchoma. Wakati huo kikundi cha baiskeli cha mtaani kilikuwa kinajiandaa kwenda Kisumu baada ya Idi, siku nne barabarani, kuchangia kliniki ya watoto wa siko seli. Rispa alishafanya nao mazoezi miezi minane, bila nia ya kwenda mbali. "Nikifika Kisumu na huu mwili wangu," alisema, "utameza dawa na utakunywa maji bila kusukumwa na mtu." Awuor alicheka, kisha akanyoosha mkono. "Na usipofika, usiniambie tena." Wakapeana mikono hapohapo jikoni.

Nahodha wa kikundi alikuwa Sakariye, muuza mablanketi wa jumla kule Eastleigh, mwembamba, wa maneno machache, na hayo machache hayarudiwi. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Jumamosi moja ya Machi: Komarock hadi Tala na kurudi kwa barabara ya Kangundo, kama kilomita tisini. Nyuma yao ingefuata pikap ya mzee Zedekiah, mstaafu wa reli, imebeba spana, tyubu na madumu ya maji. Sheria ilikuwa moja. "Atakayepanda pikap leo," alisema Sakariye, "Kisumu haendi."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kati ya waendeshaji tisa, saba walikuwa wamefunga, ndiyo maana safari ilipangwa kuanza baada ya sala ya adhuhuri, ili warudi futari ikiwa mezani. Wawili wasiofunga walikuwa Rispa na Seth, fundi wa umeme. Seth hakuwa na haya hata kidogo. Alikunywa kama ngamia, akajimwagia kichwani, akapiga mbweu, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Rispa hakuumbwa hivyo. Alizaliwa Pumwani, ua mmoja na familia za Waislamu, na mamake alimlea kwa fimbo na kwa mfano. Ramadhani ikiingia, mama yule alifunga dirisha kabla ya kukaanga chochote, na mtoto aliyeonekana anatafuna uani mchana alijua kilichomtoa kanga manyoya. "Heshima si utumwa," alikuwa akisema. Basi tangu mwezi uanze, Rispa hakuwa ametia tone mdomoni mbele ya wenzake. Safari zilikuwa fupi, jua lilikuwa linaelekea kuzama, akangoja adhana akala tende pamoja nao. Kusema kweli alijivunia jambo hilo. Alijiona muungwana kuliko Seth.

Siku ya Tala jua liliwaka kama lina kisasi. Kwenda, alijikaza kisabuni. Ruai ikapita, Joska ikapita, na kwenye vilima vya kabla ya Tala akasukuma kanyagio huku anasikia moyo masikioni. Waligeuza wakiwa wote tisa. Nafiso, binti wa duka la vitambaa aliyependa kuendesha pembeni yake, alimtupia jicho.

"Mama Awuor, umekunywa maji lakini?"

"Nimekunywa."

"Kunywa tena bana. Hii jua si ya mchezo. Sisi tumezoea."

"Nimekunywa, mwanangu."

Alidanganya hivyo huku midomo ya Nafiso ikiwa imepasuka kwa ukavu. Angewezaje kuinua chupa mbele ya midomo ile? Aliwaza kubaki nyuma kidogo anywe kwa kificho, akaona hilo ni baya zaidi, ni wizi. Chupa ilikuwa chini ya goti lake, imejaa pomoni, na maji yalicheza ndani kila alipopita kwenye shimo. Alianza kuichukia sauti hiyo.

Walipopita Malaa mapaja yakaanza kukaza. Hayakuwa maumivu ya uchovu, hayo alikwisha kuyajua. Haya yalikuwa ya ndani, yakishika na kutoachia, na kila alipokanyaga yalipanda hadi mgongoni. Alipiga hesabu: Joska, Kamulu, Ruai, Njiru, nyumbani. Alichagua nguzo ya umeme, akajiambia hadi pale, akafika, akachagua nyingine. Wenzake walikuwa wakizidi kuwa wadogo mbele yake.

Pikap ikasogea ubavuni. Mzee Zedekiah alitoa kichwa dirishani. "Mama, unayumba. Ingia."

"Niko sawa, mzee."

"Uso wako hausemi hivyo."

"Nimesema niko sawa." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Aliogopa, aliogopa sana, lakini hofu ya mlango wa ile pikap ilikuwa kubwa kuliko ya barabara. Kuingia mle kulikuwa kumwacha Awuor aendelee kusukuma vidonge chini ya godoro hadi siku ambayo hospitali haitamrudisha. Nani atamwambia tena, ikiwa mamake amejifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe? Akakanyaga. Nguzo moja. Nguzo nyingine. Akaona Kamulu kwa mbali, vibanda na lori lililoegeshwa, kisha vibanda vikaanza kuinama upande mmoja, na miguu ikakataa kabisa kusikia.

Alianguka upande wa changarawe, na hilo lilimwokoa, kwa sababu upande wa pili yalikuwa yakipita malori ya mchanga. Zedekiah alishuka anakimbia na honi bado inalia. Sakariye aligeuza, akatupa baiskeli yake, akapiga magoti. Akachomoa chupa ya Rispa ili amnyweshe, akauhisi uzito wake, akaifungua. Ilikuwa haijaguswa. Akamimina maji kidogo kidogo kwenye midomo ya mama yule, na midomo yake mwenyewe ilikuwa mikavu.

Zahanati ya pale iliwasukuma mbele, wakamfikisha hospitali kubwa zaidi mjini. Mkojo wake ulitoka mweusi kama chai ya mkandaa, na daktari, mwanamke wa umri wake, aliposikia habari ya Awuor hakumpamba kwa maneno. "Huyo binti yako hakuokota ugonjwa barabarani, mama. Nusu imetoka kwako, nawe umeibeba damuni hata kama huugui. Mwili kama wako ukiufanyisha kazi ngumu juani bila maji, misuli inaweza kufa, na figo zikafuata. Hukuambiwa?"

Aliambiwa. Awuor alikuwa mchanga, kwenye kliniki ya watoto, na muuguzi aliwaeleza wazazi kuhusu miili yao pia. Siku hiyo Rispa alisikia habari ya mtoto tu.

Adhana ya magharibi ilipolia kutoka msikiti wa jirani, Sakariye alikula tende moja amesimama mlangoni mwa wodi, akanywa maji, kisha akaingia. Alikuwa amekasirika, na alikuwa amelia.

"Mama Awuor, mimi nafunga kwa sababu Mungu ameniambia. Wewe nani alikuambia?"

"Niliona ni heshima."

"Heshima gani ya kunifanya nibebe maiti yako mpaka kwa mtoto wako? Ningemwambia nini? Kwetu hata mgonjwa hafungi, mama, seuze asiyekuwa wa kwetu." Akajifuta uso kwa kofia. "Kisumu huendi. Pole. Ni sheria, na hata bila sheria ningekataa."

Rispa aligeuza uso ukutani, akangoja nyayo za Sakariye ziishe kwenye korido, ndipo machozi yakaja.

Mzee Zedekiah alimleta Awuor muda mfupi baadaye. Msichana alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa amelala kwenye vitanda vya namna hii mara nyingi, ila kusimama upande huu kulikuwa kugeni kwake, na hakujua aweke wapi mikono. Alitazama dripu, akatazama mfuko wa mkojo, akatazama tena dripu.

"Nimeshindwa," alisema Rispa. "Nilipeana mkono. Sitakwambia tena."

"Sitaki kushinda hivi." Awuor alivuta kiti lakini hakuketi. "Mathe, Nafiso ameniambia chupa ilikuwa imejaa. Kwa nini hukunywa? We, kila siku maji, maji, maji. Kwa nini hukunywa?"

Rispa alikuwa na majibu tayari. Jua. Vilima. Kusahau. Angalau moja lingempa mzazi heshima yake. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa anamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

"Niliona haya," alisema. "Sikutaka kuwa mimi peke yangu ninayekunywa."

Awuor aliketi. Akauvuta uzi uliochomoza kwenye blanketi la hospitali.

"Darasani tuko arobaini na saba," akasema hatimaye. "Mwenye chupa ni mimi tu. Nikinywa, lazima nitoke kwenda chooni. Nikitoka, wanahesabu nimetoka mara ngapi. Kwa sauti, Mathe, darasa zima, na mwalimu anacheka nao. Siku moja walifika tisa."

Miezi yote hiyo Rispa alikuwa ameuita ukaidi. Aliuita hivyo mbele ya madaktari, mbele ya jamaa, mbele ya mtoto mwenyewe, na hakuwahi hata siku moja kuuliza. Alinyoosha mkono wenye sindano, akamshika binti yake, na safari hii hapakuwa na masharti.

"Niambie," alisema. "Anza na huyo mwalimu."